Simu ya Susu Ikilia, Nani Ataisoma?

Kuna donge moja lililonikaa kooni tangu muhula uliopita, na leo nimeamua kulitema katika kurasa hizi.

Muhula huo chama chetu kilifanya mdahalo bwaloni. Hoja ilikuwa ile ile ya miaka nenda miaka rudi: kwamba simu ya mkono imeleta hasara kuliko faida. (Wazazi wetu walipokuwa shuleni hawakuwa na simu za kujadili, kwa hivyo wao walijadili kama maisha ya mjini ni bora kuliko ya mashambani. Nasikia hata wao hawakupata jibu.) Mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Tulipigwa, tena tukapigwa vibaya. Msemaji wa kwanza wa watetezi aliinuka akasema maneno yaliyoshangiliwa mpaka mabati yakatetemeka: eti simu mkononi mwa ajuza wa kijijini ni kama miwani kwa kipofu. Watu wakacheka, na walimu wawili nao wakacheka. Mimi nilikuwa na dakika tatu tu. Nikazimaliza kwa kueleza jinsi M-Pesa ilivyoanza mwaka 2007, jambo ambalo hata mpishi wetu analijua, na kengele ikalia kabla sijafikia lile nililokuwa nimelikusudia.

Nililokusudia lilikuwa juu ya ajuza mmoja wa kijijini. Ni susu wangu, mamake mama.

Susu anaishi upande wa chini wa Ikutha, ukielekea mto Athi, mahali ambapo ukitaka mtandao inakubidi upande kichuguu kilicho nyuma ya zizi la mbuzi. Mwaka 2021, ningali shule ya msingi, alianza kuumwa na kichwa na kusikia moyo ukimdunda usiku kama mtu apigaye ngoma. Mama akampeleka kliniki moja ambayo sitaitaja jina. Wakampima, wakamwambia ana presha, wakampa tembe za aina mbili: moja ya kulegeza mishipa ya damu, na nyingine ya kumfanya aende haja ndogo mara kwa mara ili maji yapungue mwilini. Wakaandika nambari ya simu yake katika daftari kubwa. Baada ya muda, jumbe fupi zikaanza kuingia katika ile mulika mwizi yake, kumkumbusha ameze dawa na kumtajia siku ya kurudi.

Jambo zuri, sivyo? Ndiyo, ni zuri. Ila jumbe zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza, naye Susu hajui kusoma hata Kikamba. Nikiwa likizoni nilimsomea. Nilikuwa napanda kichuguuni, nashuka na habari kama tarishi wa mfalme, naye anacheka na kuingia ndani kutafuta kikopo cha dawa. Nilipokuja huku bweni, msomaji akawa amekwenda. Simu ikilia, Susu hudhani ni kampuni ya simu inataka kumkopesha kredo, basi anaiacha pale juu ya kabati ilie mpaka ichoke.

Mwaka jana, wiki ya tano ya muhula wa kwanza, naibu wa mwalimu mkuu alinitoa darasani wakati wa somo la Historia. Susu alikuwa amepatwa na kiharusi. Nilipomwona hospitalini mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja na mkono wa kushoto umelala kama si wake. Daktari akamweleza mama kwamba hata moyo wenyewe umepanuka kwa kufanya kazi ngumu miaka hiyo yote, na kwamba kuanzia sasa ni mgonjwa wa moyo, dawa zimeongezeka. Jioni nilichukua ile simu nikaifungua. Nilikuta jumbe 23 ambazo hazikuwahi kufunguliwa. Zote zilikuwa na neno moja la kumtaka asisahau.

Sasa mtu aniambie kuhusu miwani na kipofu.

Kabla sijaendelea, hebu tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu tukisikia "presha" tunadhani ni ugonjwa wa watu wenye hasira au wenye pesa. Mwaka 2015 serikali yetu ilifanya uchunguzi nchi nzima, na ukaonyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaumi. Malaria hukulaza chini, ukatetemeka, ukajua una adui. Presha inakaa kimya ndani ya nyumba, inakula ukuta kama mchwa, na siku nyumba inapoanguka ndipo watu wanashangaa. Na kwa kuwa haiumi, dawa yake nayo haionekani inafanya kazi. Umemeza, hukusikia lolote. Hukumeza, hukusikia lolote pia. Ni nani hapo atakumbuka?

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na hao wanaodhani kwamba taabu yote ni kusahau. Wakati wa likizo ya Agosti nilikaa na Susu na rafiki zake wawili wenye maradhi kama yake, tukipeta ndengu, nikawauliza taratibu ni kwa nini siku nyingine hawamezi. Sikusikia mtu hata mmoja aliyesema, "Nilisahau." Nilisikia mambo mengine kabisa.

Mmoja alisema ile tembe ya maji haimezi siku ya kusafiri. Kutoka Ikutha mpaka Kibwezi au Kitui mjini ndani ya matatu, dereva hasimami kwa ajili ya mama mzee anayetaka kwenda msituni kila baada ya nusu saa, na aibu yake ni kubwa kuliko presha. Kwa hivyo siku ya safari haimezi, siku ya soko haimezi, siku ya matanga haimezi, na Jumapili haimezi kwa sababu mahubiri ni marefu. Ukizihesabu siku hizo katika mwezi utaona zimebaki ngapi.

Wa pili alisema dawa haitaki tumbo tupu. Hivyo ndivyo anavyoamini. Sasa kumbuka kwamba kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo, na hapa kwetu kulikuwa na nyumba zilizokula mara moja kwa siku, nayo ni jioni. Asubuhi aliiangalia tembe, akaliangalia sufuria, akairudisha tembe ndani ya kikopo. Hakumwambia daktari. Utamwambiaje mtu aliyevaa koti jeupe kwamba hukula?

Susu mwenyewe, baada ya kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, akakiri kwamba alikuwa akiikata tembe nusu ili zifike mwisho wa mwezi ujao, kwa sababu nauli ya kurudi kliniki haikuwapo. Na miguu ilikuwa ikimvimba, akadhani dawa inamdhuru. Nimeuliza tangu hapo, na ni kweli kwamba dawa moja ya presha inayotumika sana, amlodipini, huweza kuvimbisha miguu. Daktari angeweza kumbadilishia siku hiyo hiyo. Lakini daktari hakujua, kwani Susu hakusema, na simu ilikuwa ikimwambia tu ameze. Haikuwahi kumwuliza, "Miguu yako inaendeleaje?"

Neno "kuuliza" nimelisema kwa makusudi. Msomaji, kuna kisa kimoja cha hapa hapa Kenya ambacho kila mwanachama wa chama cha Kiswahili anapaswa kukijua. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walichukua wagonjwa 538 waliokuwa wameanza kumeza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI katika kliniki za Nairobi na Kajiado, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. La pili, kila Jumatatu asubuhi muuguzi aliwatumia neno moja tu: "Mambo?" Basi. Hakuna dawa iliyotajwa, hakuna ugonjwa uliotajwa. Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi kuulizwa kulikoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet. Waliomeza dawa zao vizuri katika kundi la "Mambo?" walikuwa asilimia 62, na katika kundi lile jingine asilimia 50. Vipimo vya damu navyo vilionyesha tofauti, asilimia 57 kwa 48.

Neno moja la Kiswahili, tena la mitaani! Neno ambalo tukilitumia kwenye insha hapa mwalimu analipigia mstari mwekundu. (Nisamehewe, mwalimu.) Mimi nikilitazama naona siri yake haikuwa kukumbusha. Ni kwamba mgonjwa alijua upande wa pili kuna mtu ambaye atashtuka asipojibu.

Kisa cha pili ni cha Chulaimbo, kule upande wa Kisumu, nacho kilichapishwa mwaka 2011. Humo walikuwa watu wazima 431, nao pia walikuwa wakitumia dawa za UKIMWI. Wengine walitumiwa ujumbe kila siku, wengine kila wiki. Ungedhani wa kila siku watafanya vizuri zaidi, si ndiyo? La! Wa kila wiki ndio waliofaidika: asilimia 53 walimeza dawa zao ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 40 ya wasiotumiwa chochote. Wa kila siku hawakuwa tofauti na wasiotumiwa. Na wale walioongezewa maneno ya kuwatia moyo hawakuwashinda waliotumiwa ujumbe mfupi mkavu. Hili halinishangazi hata kidogo. Sisi sote tumelala bweni moja na kengele ya saa kumi na moja alfajiri, na tunajua kwamba baada ya wiki tatu sikio huacha kuisikia.

Mtu atasema: hizo ni dawa za UKIMWI, wewe unazungumzia moyo. Haya, twende Afrika Kusini. Huko Cape Town wagonjwa 1,372 wa presha walifuatiliwa kwa mwaka mzima, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Walitumiwa jumbe kwa lugha walizozichagua, Kiingereza, Kixhosa au Kiafrikana. Walioendelea kuchukua dawa zao bila kukatizakatiza waliongezeka kutoka kama asilimia 49 hadi kama asilimia 63, jambo la kufurahisha. Lakini presha yenyewe ilishuka kidogo mno: ile namba ya juu ilipungua kwa kama 2 tu. Na kuna jambo jingine lililonikwamisha nusu niichane makala hii. Kundi lililoweza kujibu jumbe halikufanya vizuri kuliko kundi lililopokea tu!

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Je, nilikuwa nimekosea? Halafu nikasoma tena kwa makini. Kule Cape Town aliyejibu alijibiwa na mtambo. Aliweza kubadilisha siku ya kliniki, saa ya ujumbe, au lugha. Hakupigiwa simu na muuguzi wa kumwuliza miguu yake. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu, maana maradhi ni mengine na watu ni wengine, lakini kwangu mimi mtambo unaojibu si sawa na mtu anayejibu. Ukimwambia mtambo "Sikula", utakuambia bonyeza moja.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Sisemi simu itaponya moyo. Anayesema hivyo anauza kitu. Nasema kwamba simu ikitumiwa kama kengele itachosha watu na pesa itapotea bure, na ikitumiwa kama mlango wa kubisha hodi itaokoa wengi. Huku kwetu nataka kusikia ujumbe wa Kikamba, mara moja kwa wiki, "Uvoo waku?", na jibu liwe "Museo" au "Thina". Na kwa akina Susu wasiojua kusoma, iwe ni sauti badala ya maandishi. Sauti haihitaji kwenda shule. Susu anamjua kila mtangazaji wa Musyi FM kwa sauti yake kama anavyowajua mbuzi wake. Atashindwaje kuijua sauti ya muuguzi?

Wapo watakaouliza, muuguzi huyo atatoka wapi, nao wa kliniki hawatoshi hata kupanga foleni? Ni swali la haki, na jibu liko njiani linatembea kwa miguu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchi nzima, ikawapa mikoba yenye vifaa. Ndani ya mkoba kuna mashine ya kupima presha, na kuna simu ya kisasa ya kuandikia habari za kila nyumba. Mhudumu huyo ni jirani. Anajua ni nyumba gani moshi haukutoka asubuhi. Yeye ndiye mwenye kufaa kupokea lile neno "Thina", achukue mkoba wake aende. Mhudumu wa kwetu alipokuja kumwona Susu baada ya kiharusi, hakuanza na dawa. Alianza na ng'ombe, akaja mvua, akaja bei ya ndengu, na ndipo akauliza kikopo kiko wapi. Kwa dakika ishirini alijua zaidi ya zile jumbe 23.

Tena jambo la siri lisidharauliwe. Kijijini simu moja hutumiwa na nyumba tatu. Ujumbe usemao wazi "Meza dawa yako ya moyo" husomwa na mkaza mwana, na mtoto aliyetumwa kuchaji sokoni, na hata yule kijana wa kuchaji anayelipwa shilingi 20. Wengine hawataki ijulikane. "Uvoo waku?" haimfichulii mtu chochote, ni salamu tu. Isitoshe nchi hii ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, na habari za maradhi ni za kwanza kulindwa.

Na dawa zenyewe je? Hapa sina ubishi na mtu. Simu ikikuita kliniki, ukatoa nauli, ukafika ukaambiwa dawa zimekwisha rudi wiki ijayo, basi simu hiyo imekudhulumu. Kama jumbe hizi zinaweza kumwita mgonjwa, ziweze pia kumwambia asije kwa sababu kabati ni tupu. Ujumbe wa namna hiyo peke yake ungejenga imani kuliko mia moja za kukumbusha. Tena si lazima ujumbe uende kwa mgonjwa. Mwaka 2011 The Lancet lilichapisha habari za wahudumu wa afya wa mashambani hapa hapa Kenya, katika vituo 107, waliotumiwa ujumbe mara mbili kwa siku za kazi kwa miezi sita, kuwakumbusha namna ya kutibu malaria ya watoto. Utibabu sahihi uliongezeka kwa kama asilimia 24 kwa jumla. Kumbe hata daktari hukumbushwa! Sisi tumezoea kumwona mgonjwa peke yake ndiye mwenye kichwa kinachovuja.

Nirudi shuleni, maana najua wengine wameshasema moyoni kwamba haya ni mambo ya wazee. Si ya wazee tu. Kuna ugonjwa wa moyo unaoanza na koo. Mtoto anaumwa na koo, hapati dawa, baada ya wiki chache anapata homa ya baridi yabisi, viungo vinauma, na ikijirudia inaharibu milango ya moyo. Hushika watoto na vijana wa umri wetu. Kinga yake ni sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano hiyo ni rahisi kuisahau, kwani mtu anajiona mzima, anacheza mpira, ana mitihani. Katika mambo yote niliyoyataja, sioni lililo jepesi kwa simu kuliko hilo: tarehe inajulikana, mahali panajulikana, ni kumwita mtu tu. Ila mwanafunzi wa bweni hana simu. Simu ni marufuku, na tukikamatwa nayo tunaijua adhabu. Mimi sidai marufuku iondolewe (nisije nikatolewa kwenye gazeti hili). Nadai kwamba mwenye dawa za kudumu, awe na pumu, kifafa au moyo, jina lake liwe kwa matroni, na ujumbe wa kliniki uje kwa simu ya matroni, naye amwite faraghani.

Na sisi wenyewe tuna la kufanya likizoni. Nimelipeleka kwa mlezi wa chama, naye hakukataa. Kila mwanachama akifika kwao, atafute simu ya mzee mmoja mwenye dawa za kila siku, aweke kengele ya simu ilie saa moja jioni, taarifa ya habari inapoanza, maana saa hiyo kila mzee yuko karibu na redio na tumbo lina kitu. Kama daktari alisema dawa imezwe asubuhi, asibadilishe saa kwa akili yake; aulize kwanza. Kisha aketi amwulize yale maswali niliyowauliza akina Susu, aandike majibu kwa Kiswahili au Kikamba katika karatasi, na karatasi hiyo ipelekwe siku ya kliniki. Kazi hii haihitaji kredo wala mtandao. Mimi nilifanya hivyo Agosti. Daktari alipoisoma karatasi ya Susu alinyamaza kidogo, akambadilishia tembe ya miguu, akamwambia ile ya maji siku ya safari aimeze akishafika nyumbani. Jambo dogo namna hiyo lilikuwa limengoja miaka yote.

Susu sasa anatembea kwa bakora. Mkono wa kushoto unashika kikombe lakini haupeti ndengu. Kila jioni anayemsomea simu ni mtoto wa jirani, mvulana mwepesi sana wa kupanda kichuguu, tena anajua kutafsiri Kiingereza kwa Kikamba bila kukwama. Yuko Gredi ya Tisa. Januari naye anakwenda bweni.